Pedi Mbili, Benchi Moja

Jioni ya Msata huingia na honi. Mabasi yanayoshuka kutoka Arusha, Moshi na Tanga hufika kwenye njia panda hii, mengine yakinyoosha kwenda Chalinze, mengine yakikata kushoto kushika lami ya kilomita 64 inayopita Kiwangwa, Fukayosi na Makurunge hadi Bagamoyo, kisha Dar es Salaam. Wauza korosho na mahindi ya kuchoma hukimbilia madirishani, mananasi ya Kiwangwa hupitishwa juu kwa juu, chenji hutupwa, konda hupiga bodi ya gari, basi linaondoka.

Nyuma ya pilikapilika hizo, hatua chache kutoka barabarani, kuna sauti ya aina nyingine. Mtangazaji wa mpira anazungumza Kiingereza cha haraka, na juu ya sauti yake vijana sita wanapiga kelele kwa Kiswahili: "Ametobolewa! Tobo hilo!" Mpira wenyewe uko ndani ya runinga iliyofungwa ukutani kwa nondo, katika chumba cha mabati chenye pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga. Hiki ni kibanda cha gemu, na saa hizi ndipo kinapochangamka.

Vibanda vya namna hii vinafanana kutoka Msata hadi Mbagala, kutoka Tanga hadi Mtwara. Ndani mna benchi la mbao, feni inayozungusha joto, mashine ya PlayStation iliyowekwa juu kidogo ili isipigwe teke, na pedi mbili ambazo mpira wa vijiti vyake umelika hadi kubaki plastiki tupu. Mchezo hulipiwa kwa mechi, shilingi mia chache, na urefu wa mechi hupangwa na mwenye kibanda. Sheria nyingine hazijaandikwa popote, lakini kila mtu anazijua: anayefungwa analipa na kuinuka, aliyeshinda anabaki, anayefuata anakaa. Aliyekuja na kiburi cha pikipiki mpya na aliyekuja na ndala zilizokatika wanapanga foleni moja.

Gemu zimezungumzwa sana nchini kama tatizo la watoto watoro. Ni mara chache zimezungumzwa kama burudani ya watu wazima, ile ambayo dereva wa bodaboda, fundi welda au mwalimu anaipenda kama mwingine anavyopenda taarabu au kuvua samaki kwa ndoano. Lakini ukikaa kwenye benchi lile robo saa tu, unagundua kwamba unachokiona si kigeni kwa mtu wa pwani. Watu wawili wanashindana kwa akili na vidole. Waliobaki wanatazama, wanashauri bila kuombwa, wanacheka, wanasubiri zamu. Hilo ni baraza, ila sasa lina umeme.

Ili kuelewa lilivyofika hapa, inafaa kurudi nyuma hadi kwenye runinga yenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuanza kurusha matangazo ya televisheni hadi mwaka 1994. Ni mwaka uleule, tarehe 3 Desemba, ambapo kampuni ya Sony iliuza PlayStation ya kwanza nchini Japani. Kwa familia nyingi za ukanda wa Bagamoyo, kwa hiyo, kioo na gemu vilikaribiana sana kuingia: runinga ilifika sebuleni, na kabla haijazoeleka, mjomba aliyetoka Kariakoo akaja na kisanduku cha kuchomeka.

Kisanduku hicho kilikuwa na ukoo mrefu. Atari ya Marekani ilitoa Pong mwaka 1972, mchezo wa vibao viwili na kitone kinachorukaruka. Mwaka 1976 ikatoka Fairchild Channel F, mashine ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti za kubadilisha. Kazi hiyo iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, na kabla yake mashine ilicheza tu yale iliyozaliwa nayo. Mwaka 1983 Nintendo ya Japani ikatoa Famicom, na viwanda vingi vya Asia vikaiiga kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikia. Mashine hizo za kuiga ndizo zilizoingia katika nyumba nyingi za Waafrika.

Aliyekuwa mtoto wakati huo hahitaji kukumbushwa. Kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999, nawe ukizihesabu unakuta ni chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Super Mario akiruka juu ya mabomba. Bunduki ya plastiki ya kupigia bata. Contra ya wawili, ambamo mmoja akibaki nyuma anamponza mwenzake, na ndugu walioanza kucheza wakipendana walimaliza wakinuniana. Kaseti ikigoma, ilitolewa, ikapulizwa kwa mdomo, ikarudishwa. Nintendo wenyewe baadaye walionya kwamba mvuke wa pumzi huharibu meno ya shaba ya kaseti, lakini hakuna mtoto aliyeamini, kwa sababu aliona kwa macho yake kwamba ikipulizwa inawaka. Kilichoifanya iwake ni kule kuitoa na kuirudisha tu.

Kibanda kama biashara kilipata nguvu na PlayStation 2, iliyotoka Machi 2000. Zaidi ya mashine milioni 155 ziliuzwa duniani, na kuifanya mojawapo ya mashine za gemu zilizouzwa zaidi katika historia. Wingi huo ulikuwa na maana kubwa kwa Tanzania. Mashine zilizochokwa Ulaya na Uarabuni zilikuja kama mitumba, vipuri vikapatikana, na mafundi redio wakajifunza kusafisha lenzi na kubadili nyaya za pedi. Kila mchezaji makini alikuwa na kadi yake ya kumbukumbu ya megabaiti 8, nyembamba kuliko kiberiti, akiitembeza mfukoni. Humo mlikuwa na timu yake, ligi yake na wachezaji aliowakuza kwa miezi. Kuipoteza kadi hiyo kulikuwa msiba.

Na gemu iliyotawala ilikuwa mpira. Konami ya Japani iliitoa kwa jina la Winning Eleven, Ulaya ikaitwa Pro Evolution Soccer, na mtaani ikabaki PES. Konami hawakuwa na haki za kutumia majina ya klabu nyingi, kwa hiyo Liverpool ikawa Merseyside Red, Chelsea ikawa London FC, na katika matoleo ya mwanzo Roberto Carlos akaitwa Roberto Larcos. Vijana hawakujali. Waliyajua majina halisi kwa namna mtu anavyopiga, kwa mguu anaoutumia, kwa kipara chake. Huo nao ulikuwa usomaji.

Halafu akaja Mbwana Samatta. Kijana wa Mbagala aliyepita Simba na TP Mazembe alijiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na kwa kuwa ligi ya Ubelgiji imo katika FIFA ya kampuni ya EA, Mtanzania akaingia ndani ya gemu. Mtu ambaye hajawahi kuishika pedi hawezi kupima uzito wa jambo hilo. Kwa miaka mingi vijana wa pwani walicheza wakiwa Brazili, Ufaransa, Arsenal. Sasa kulikuwa na sababu ya kuchagua Genk, klabu ambayo wengi hawakujua iko upande gani wa ramani, ili jina la Samatta lionekane kwenye kioo na mgongoni mwa jezi. Mpinzani anachukua Barcelona, wewe unachukua Genk, unafungwa manne, lakini lako la kufutia machozi kafunga Samatta na kibanda kizima kimesimama.

Januari 2020 Samatta alipohamia Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, tatizo jipya likajitokeza. FIFA 20 ilikuwa imetoka Septemba 2019, na kwenye diski Samatta alikuwa bado Genk. Mashine iliyounganishwa na intaneti hupakua mabadiliko ya vikosi yenyewe, lakini vibanda vingi havikuwa na intaneti. Kwa hiyo uhamisho huo ulifanywa kwa mkono: mtu anaingia kwenye vikosi, anamtoa Samatta Genk, anamkabidhi Villa, anahifadhi. Vijana ambao hawajawahi kutia mguu Uingereza wakawa mawakala wa usajili wake.

Mikono hiyohiyo imefanya zaidi. Mwaka 2012 Henrik Rydgård, mwandishi wa programu wa Sweden, alitoa PPSSPP, programu inayoiwezesha simu kucheza gemu za PSP, mashine ndogo ya mkononi ya Sony. Mafundi wa mtaani wa Tanzania, wengi wao wakijifundisha wenyewe, wakaanza kufungua mafaili ya PES ya PSP na kuyavalisha upya: jezi za Simba na Yanga, majina ya wachezaji wa Ligi Kuu Bara, nembo za wadhamini. Hakuna kampuni ya Japani iliyowatuma. Walitaka tu mchezo uwajue wanaoucheza.

Kuna siku mzee mmoja, mfuko wa mahindi begani, hulipandisha pazia la kibanda na kuchungulia. "Shikamoo babu," wanasema vijana bila kutoa macho kwenye kioo. "Marahaba. Nani anaongoza?" Anaambiwa. Anasimama dakika mbili, anauliza kwa nini yule wa bluu hampi mwenzake pasi, kisha anakwenda zake. Hakuhitaji kuelezwa kitu. Wazee wa Kikwere, Kizigua na Kidoe wa upande huu wamekua wakiona bao likichezwa chini ya mwembe, na bao limempa mtu yeyote wa pwani elimu ya kutosha ya kuelewa kinachoendelea mle ndani.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwanza ananamua, akiingiza kete moja moja, na zikiisha ndipo mchezo wa mtaji unapoanza. Fundi wa bao anaona mbali: akila hapa, mwenzake atapita wapi, na nyumba yake itabaki salama au itavunjwa. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alivutiwa na uwezo huo kiasi cha kuwafanyia utafiti mabingwa wa Zanzibar na kuuchapisha mwaka 1995. Mwalimu Julius Nyerere alilipenda bao hadi uzeeni, na nchi ilimwona anayelicheza kama mtu anayeinoa akili yake.

Mchezaji mzuri wa PES ananoa kitu cha jamaa hiyo. Anakariri jinsi mpinzani anavyoanza shambulizi, anamwekea mtego pembeni, anavumilia dakika nyingi bila kukimbilia mpira, kisha anatoka kwa kasi. Anajifunza pia jambo gumu kuliko yote, nalo ni kufungwa mbele ya watu, kulipa, kuinuka, kukaa mwisho wa benchi na kubaki rafiki wa aliyekufunga. Mtoto anayejifunza hilo akiwa na miaka kumi na mitano amepata kitu ambacho watu wazima wengi wanakikosa.

Sayansi nayo imeuliza maswali yake. Mwaka 2007 daktari James Rosser na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa madaktari 33 waliofanyishwa mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera na matundu madogo. Wale waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 na kumaliza kwa kasi zaidi kwa asilimia 27. Utafiti huo hauthibitishi kwamba gemu ndiyo iliyowafundisha; huenda wenye mikono myepesi ndio wanaovutwa na pedi tangu mwanzo. Lakini unaonyesha kwamba macho na vidole vya mchezaji haviko likizoni.

Hata hivyo, dereva wa bodaboda aliyeshinda juani tangu alfajiri haingii kibandani kwa sababu ya utafiti. Anaingia kwa sababu kwa dakika kumi hakuna abiria anayembishia nauli, hakuna marejesho ya mkopo wa pikipiki, hakuna simu ya nyumbani. Kuna tatizo moja tu, nalo liko mbele yake, lina mwanzo na mwisho, na linaweza kutatuliwa kwa vidole gumba viwili. Akitoka, mabega yameshuka. Raha hiyo haihitaji kuombewa msamaha.

Madhara yapo, na anayeipenda gemu kwa dhati ndiye wa kwanza kuyataja. Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika toleo jipya la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata maisha yakiharibika, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mzazi wa Msata analijua jambo hilo kwa lugha yake: mtoto katoka na hela ya daftari, daftari halikununuliwa. Wenye vibanda wenye busara hawamwingizi mtoto mwenye sare, na muda wa masomo hufunga pazia kwa wanafunzi. Wasio na busara wanawaharibia wenzao.

Kuna pia mkanganyiko unaoumiza. Watu wengi huchanganya kibanda cha gemu na mashine za dubwi, zile za kutumbukiza sarafu na kungoja bahati. Hizo ni michezo ya kubahatisha, ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kuzicheza. Katika dubwi mchezaji hana anachojifunza, kwani mashine ile imeshapangwa. Katika PES, anayefungwa leo na kufanya mazoezi atashinda keshokutwa. Kuviweka vitu hivi kapu moja ni kumwonea mmoja na kumfichia mwingine aibu yake. Mpaka huo hupotea vijana wanapoanza kuweka dau juu ya mechi, na hapo mwenye kibanda anapaswa kusema hapana bila kuuma maneno.

Benchi lina upungufu mwingine: wasichana. Ni wachache mno wanaopita pazia lile, na wanaopita hutazamwa kama wamepotea njia. Nchini Kenya, Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, alianza kucheza Tekken akiwa mdogo, akaendelea nayo akisomea sheria, na mwaka 2018 akasajiliwa na timu ya kulipwa ya Marekani, UYU. Vidole vya namna hiyo vipo pia Msata na Bagamoyo. Havijapewa nafasi ya kukaa.

Na wapo waliovuka kutoka kucheza hadi kutengeneza. Lual Mayen alizaliwa wakati familia yake ikiikimbia vita katika eneo ambalo sasa ni Sudani Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mama yake kwamba anataka kompyuta, mama huyo alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300. Mayen alitembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji, na saa tatu kurudi. Alikutana na gemu ya Grand Theft Auto: Vice City, akastaajabu kwamba kitu kama hicho kimetengenezwa na watu, akajifundisha. Gemu yake aliiita Salaam, neno ambalo mtu wa Bagamoyo haulizi maana yake. Mchezaji wake ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Desemba 2018 alitambuliwa jukwaani kwenye tuzo za The Game Awards, Los Angeles.

Hadithi hiyo inaugusa ukanda huu kwa sababu pwani ya Bagamoyo imejaa visa vinavyongoja kuchezwa. Mji huo ulikuwa mwisho wa safari za misafara ya bara, Kaole ina magofu ya misikiti ya karne nyingi, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, inafundisha wachoraji, wanamuziki na waigizaji. Gemu moja inahitaji watu wa aina hiyo pamoja na mtu mmoja wa kompyuta. Umbali kati yao na yule kijana wa Msata anayeivalisha PES jezi za Yanga ni saa moja ya barabara.

Wakati huohuo, kibanda chenyewe kinabadilika. Konami waliacha jina la PES mwaka 2021 na kuanza eFootball, inayopatikana bure kwenye simu. EA nao waliachana na FIFA, na tangu Septemba 2023 gemu yao inaitwa EA Sports FC, ingawa mtaani bado watu wanasema wanacheza FIFA. Mwenye simu janja na bando anaweza kushindana na mtu wa Jakarta akiwa kalala mkekani kwake. Ni ajabu kubwa, na wengi wanaifurahia. Lakini mtu wa Jakarta hakutanii kuhusu kipigo cha jana, hakukopeshi shilingi mia tatu ya mechi, wala hajui kwamba juzi ulizika.

Ndiyo maana, licha ya simu, benchi la Msata usiku halikosi watu. Basi la mwisho limeshapita na mahindi yameisha jikoni. Ndani, mechi ni bao moja kwa moja, dakika ya themanini na sita, na yule wa kushoto anaingia kwenye boksi peke yake. Kioo kinazima. Feni inazunguka mara tatu kwa mazoea, inasimama.

"Luku!"

Kelele zinaanza gizani: lilikuwa goli, halikuwa goli, kipa alikuwa ameshatoka, hata hivyo ungepaisha. Mwenye kibanda anawasha tochi ya simu. Mmoja anatoa mia tano, mwingine mia mbili, aliyekwishafungwa mara tatu anachangia elfu ingawa zamu yake ni ya mwisho. Ujumbe wa umeme unaingia, na mtu anaanza kusoma tarakimu ishirini polepole, nnenne, mwenzake akizibonyeza kwenye mita. Kwenye benchi, wachezaji wawili wamekaa bega kwa bega gizani, kila mmoja kaishikilia pedi yake.

"Soma tena nne za mwisho, kaka."

Anazisoma tena.